Mgomba Uliovaa Shati la Baba

Jumamosi iliyopita jirani zangu walikuwa wanamwoza binti yao, na vijana wa mtaa walikata migomba ya kupamba lango. Waliisimamisha huku na huku njiani, majani yakiwagusa wageni vichwani, na pale ilipokatwa ilikuwa ingali inachuruzika maji. Mimi nilikuwa nimevaa kitenge kipya, nimebeba zawadi yangu ya masufuria, nimejipaka mafuta hadi viwikoni. Nilipofika langoni harufu ikanikamata. Wanaoijua wataelewa. Mgomba mbichi uliokatwa haunuki ndizi hata kidogo. Unanuka maji baridi, udongo, na uchungu fulani unaobaki kooni. Nilimkabidhi mtu wa kwanza niliyemwona masufuria yale, nikamwambia narudi sasa hivi, na sikurudi. Nilitembea Bunia yote kwa viatu vya harusi mpaka jua likaanza kuteremka, nisijue ninakwenda wapi.

Ndivyo nilivyo, sikai. Wenzangu kazini hunitania kwamba hata nikifika mbinguni nitaulizia kwanza mlango wa kutokea. Na kazi yenyewe, Mungu naye ana utani wake, ni ya kukaa. Ninawasikiliza watu waliokimbia vijiji vyao, chini ya turubai, kuanzia asubuhi, huku goti langu likitikisika chini ya meza. Nilisomea saikolojia, hasa ile inayochimba kwenda chini, inayosema kwamba ndani ya mtu kuna chumba asichokijua, na kwamba humo mambo hayasemwi kwa maneno bali kwa picha, kwa ndoto, na kwa vitu vya kushikwa mkononi. Siku mwalimu alipotueleza hayo, wenzangu waliandika kwa bidii. Mimi nilitoka nje. Alidhani nimeudhika, kumbe nilikuwa nimeukumbuka ua wetu wa mtaa wa Ngezi, na nilihitaji hewa.

Ninyi wa rika langu, mliooga mto Nyamukau na kuchapwa kwa ajili hiyo, mtautambua ua ule hata kama hamkuufikia. Nyumba ya matofali ya vyumba viwili, mabati yenye kutu, jiko la miti nyuma, na nyuma ya jiko migomba michache iliyokunywa maji yetu yote ya kuoshea vyombo. Baba alikuwa akichimba dhahabu Mongbwalu. Alikaa huko majuma mengi, kisha siku moja tukasikia pikipiki inazimwa njiani, na mtu mwekundu kwa vumbi mpaka kwenye kope anainama kuingia. Hakuwahi kuinama vya kutosha. Kila mara paji lake liligonga kizingiti cha juu, kila mara alimtukana fundi aliyejenga mlango ule, na Mama alicheka mpaka akajishikiza ukutani, maana fundi alikuwa Baba mwenyewe. Tulilala sote watatu kitanda kimoja, mimi katikati.

Kisha msimu mmoja wa mvua walikuja wanaume wawili badala yake. Walikuwa wachimbaji wenzake. Walikaa ukingoni mwa viti, kofia mikononi, na matope ya Mongbwalu yalikuwa yamekauka kwenye suruali zao. Mama aliwaletea chai. Mmoja akaishika bila kuinywa.

"Mama, shimo ilianguka."

"Na yeye?"

"Alikuwa ndani."

"Mulimuona?"

"Hatukumuona. Tulichimba siku mingi, lakini udongo ilikuwa inashuka tu, na mvua haiache. Mwenye shimo akasema basi, batu bengine batakufia mule."

Mama aliwatazama mmoja baada ya mwingine. "Kama hamukumuona, basi hamujue," akasema.

Hapo yule wa pili, ambaye alikuwa hajafungua mdomo, akadakia: "Iko batu banasema asubui ile alienda ku shimo ingine." Nadhani alitaka kumfariji tu. Alikuwa kijana, na macho ya Mama yalikuwa makali. Lakini kwa maneno yale machache alitufungia mlango wa kilio uliokuwa umeanza kufunguka, na mpaka leo sijamsamehe.

Kuanzia siku iliyofuata Mama akawa mtu wa njiani. Alikuwa akienda kila siku pale pikipiki za kutoka Mongbwalu zinaposhusha abiria, anasimama katikati ya vumbi, anamuuliza kila dereva. Mara nyingine alinichukua. Nilimshika kitenge na kumsikia akirudia yale yale: "Mutu murefu, iko na alama hapa ku paji, hukumuona?" Nao walimjibu kwa upole, maana watu wa barabara ile wamezoea kuulizwa: "Batu mingi banapitaka, mama. Siwezi kujua." Tulirudi nyumbani miguu ikituuma, na asubuhi tukaanza tena.

Jirani walipata taabu na sisi. Mtu akifiwa kwetu, kazi inajulikana: wanaume wanawasha moto uani, wanawake wanaleta kuni na sahani na sufuria kubwa, watu wanalala nje pamoja na wafiwa mpaka siku zitimie. Mtu akisafiri pia kazi inajulikana, unasalimia tu. Lakini mtu ambaye hayuko kokote unamfanyia nini? Mama Rozi wa nyumba ya pili, kila alipomwona Mama, alifungua mdomo kusema pole, halafu akaimeza na kusema, "Pole na jua." Hata siku ya mvua alisema pole na jua.

Nyumbani moto ulikuwa ukizimika. Nilikula kwa Mama Rozi mara nyingi kuliko kwetu. Sare yangu ya shule ilikuwa na doa la wino lililokaa hapo mpaka mwalimu akauliza kama sina mama. Nilikuwa naye, lakini macho yake yalinipita juu, yakaenda langoni. Nilikuwa mdogo na sikuwa na maneno ya jambo lile, ila mwili wangu ulijua: Baba ameenda, na sasa Mama anaondoka kidogo kidogo, hata yeye sitabaki naye. Niliogopa kupita kiasi. Nilimfuata mpaka mlango wa choo.

Ndipo akaja Koko, mama yake Baba, kutoka upande wa Bogoro, amepakiwa nyuma ya pikipiki na kuku kwenye kikapu. Koko alikuwa mfupi, mwenye hasira za karibu na huruma za karibu zaidi. Aliposhuka alitazama ua, akaona hakuna majivu ya moto wa matanga, akaona Mama amevaa kitenge chenye rangi.

"Matanga mulifanyia wapi?" akauliza.

"Matanga ya nani, Mama?"

Koko aliweka kuku chini, akaingia ndani, akakaa kwenye kitanda cha mwanawe na kukipapasa kwa kiganja. Nilimwona machozi yakimtoka bila sauti. Kisha akatoka akafagia uwanja wote, akiukaripia ufagio.

Wakati ule ndoto ilikuwa ikinijia, ile ile. Nilimsimulia Koko asubuhi moja alipokuwa anapuliza moto wa uji, kwa sababu yeye alikuwa mtu wa kuulizia ndoto. Kwake ilikuwa kama kukuuliza umelalaje.

"Baba anakujaka ku mulango," nikamwambia. "Anauliza kitanda yake iko wapi."

Koko akaacha kupuliza. "Iko na viatu?"

"Hapana."

"Na miguu?"

"Iko na udongo."

Moshi ulimpiga usoni, naye hakusogea. Kisha akasema, "Mutoto yangu anachoka huko inje," akaniwekea uji. Kwake jambo lilikuwa limekwisha kueleweka. Maiti isiyolazwa inazunguka, na inazunguka nyumbani kwake.

Miaka mingi baadaye nilimweleza mwalimu wangu ndoto hiyo, nikisema ni ya mtoto mmoja niliyemhudumia. Akatabasamu, akasema yule baba wa mlangoni ni mtoto mwenyewe. Mtoto ndiye asiye na pa kulala. Alikuwa sahihi, na nikamchukia kwa dakika kadhaa. Maana ni kweli Mama alikuwa ameacha kulala kitandani kwetu. Alikuwa akisinzia kwenye kiti, akiuelekea mlango, na mimi nilikuwa peke yangu kwenye kitanda kipana nisijue nishike upande upi. Koko aliisoma ndoto kwa ajili ya aliyekufa na mwalimu akaisoma kwa ajili ya aliye hai, na mimi sioni walipogombana. Kinachonisumbua ni kwamba mwalimu aliishia kwenye kuisoma. Koko alichukua jembe.

Alimfuata Mama jikoni. Mimi nilikuwa nachambua majani ya muhogo ya sombe, na hakuna aliyenifukuza.

"Mama Neema," Koko akasema, "kwetu mutu akipotelea mu maji ao mu udongo, tunalaza mugomba pa fasi yake. Unajua."

"Ninajua. Na weye unajua mi niko mukristo. Sitalilia mugomba."

"Nani anakuambia ulilie mugomba? Lilia mutoto yangu. Mugomba ni juu ya mikono ipate kitu ya kubeba. Mikono yetu haikubeba kitu, njo maana haitulie."

"Mama, hajakufa."

"Kama hajakufa atakuja kutucheka, na siye tutafurahi. Kama alikufa, iko na baridi."

Mama alianza kutwanga, na huo ndio ulikuwa mwisho wa mazungumzo. Koko hakumlazimisha. Alimtuma mtu kumwita Baba Mdogo, ndugu yake Baba, aliyekuwa akifyatua matofali kule bondeni, na siku ya pili wakaanza kutafuta mgomba.

Sheria ya Koko ilikuwa moja: lazima ulingane naye. Huwezi kumlaza mtu mrefu kwa kipande kifupi, atakunja magoti milele. Hakuna aliyekumbuka urefu wa Baba isipokuwa kizingiti, basi Baba Mdogo akakata kijiti cha kutoka sakafuni hadi pale paji lilipokuwa likigonga, akaongeza upana wa vidole, wakaenda nacho nyuma ya jiko. Lakini upepo wa msimu ule ulikuwa umeangusha migomba mirefu. Iliyobaki ilikuwa ya kadiri. Mrefu kuliko yote, ukiukatia juu ya udongo, ulimfikia Baba mabegani.

"Haifike," Baba Mdogo akasema.

Koko alizunguka mgomba ule kama anayenunua ng'ombe. "Ngoa na ya chini," akasema mwishowe. "Na ile bonge yake. Itafika."

"Na bonge, Mama? Kwa kawaida si tunakataka?"

"Unataka ndugu yako alale bila kichwa?"

Kwa hiyo waliung'oa mzima, na lile bonge la chini lenye mizizi likawa kichwa cha Baba. Wakaulaza juu ya mkeka, majani yakakatwa. Koko akaufuta kwa kitambaa chenye maji, kuanzia juu hadi chini, polepole, akisema nao maneno ya kijijini ambayo sikuyaelewa yote. Akaniambia nishike mkono wa shati la Baba. Lilikuwa lile la buluu, lenye kifungo kimoja kilichopotea. Tulipolivuta juu ya mgomba utomvu ulilipaka papo hapo, nikasikitika, kwa sababu nilijua utomvu wa mgomba hautoki kwenye nguo na nikadhani Mama atatugombeza. Mama hakutugombeza. Hakuja kabisa. Mgomba ukafungwa kwa shuka jeupe, ukabebwa na wanaume, na nikaona kwa macho yangu kwamba ulikuwa mzito, maana Baba Mdogo alikuwa analia na jasho linamtoka.

Koko angependa kuupeleka kijijini, lakini barabara ya Bogoro siku zile haikuwa ya kusafiri na mzigo kama huo. Walichimba uani, kando ya wigo wa miti. Jirani wachache walikuja, Mama Rozi akiwa na uso wa mtu aliyeruhusiwa hatimaye kusema pole. Koko akaanzisha Baba Yetu. Na muda wote huo, kutoka jikoni, tulisikia kinu. Mama alikuwa anatwanga sombe. Alitwanga wakati wa sala, alitwanga wakati udongo unaanguka, alitwanga sombe ile mpaka ikawa maji, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwambia aache.

Sasa naomba mnielewe nilivyoelewa mimi. Msimu uliotangulia Koko alikuwa amenifundisha kupanda migomba kule kwake. Unachimba shimo, unaweka mche wenye bonge lake, unafukia, unakanyaga kwa miguu, unamwagilia, unasubiri. Na hapa walichimba shimo, wakaweka mgomba wenye bonge lake, wakafukia, wakakanyaga. Hakuna mtu aliyekuwa ameniambia kwamba kuna kitu kinawekwa ardhini ili kisirudi. Wakubwa walikuwa wanalia, ni kweli, lakini wakubwa hulia hata kwenye harusi. Mimi nilijua tulichokifanya. Tulikuwa tumempanda Baba. Nilishangaa tu kwamba wamesahau kumwagilia, nikaona hiyo ndiyo kazi niliyoachiwa.

Kila asubuhi kabla ya shule nilichukua kopo la maji ya vyombo nikammwagilia. Nilimwambia habari za shule, nilimwambia kwamba Mama hali chakula. Nilimwomba aanze na kichwa ili aone njia. Koko aliniona, akadhani ninampa marehemu maji ya kunywa, akafurahi mno. Nilimsikia akimwambia Mama Rozi wa upande wa pili wa wigo, "Mutoto huyu anajua mambo, hakuna mutu alimufundisha." Mama naye, kama aliniona, alidhani nasafisha kopo.

Na Koko akapona. Ndilo lililonishangaza, na ndilo ninalolitafuna mpaka leo. Alikuja akiwa mtu wa kukaripia ufagio, na baada ya kuulaza mgomba ule alilala usingizi wa kukoroma, alikula, alimcheka jogoo wa Mama Rozi. Bado alilia, lakini alilia kisha akaacha. Nimekaa na vitabu vinene vinavyoeleza jambo hilo, kwamba kile chumba cha ndani hakijui tofauti kati ya kitu na picha ya kitu, kwamba ukikipa picha iliyo kweli kinaipokea na kutulia. Nimekaa pia kanisani nikaambiwa maana inashuka kutoka juu. Sina ugomvi na upande wowote. Mimi niliiona inatoka uani, kwenye shuka na kitambaa cha maji na kijiti cha kupimia mlango, kazi za mikono ambazo mtu yeyote angezifanya. Ninachoshindwa kuvumilia ni mtu anayecheka akisikia habari ya mgomba, awe padri awe profesa. Nikimpata mtu kama huyo mezani ninahama meza.

Mama hakupona, kwa sababu hakubeba. Alizidi kukonda. Dereva mmoja alimdanganya kwamba ameona mtu mrefu sehemu fulani, mwingine akasema hapana, na jioni moja kabla jua halijatua alituambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, huku akikunja nguo:

"Kesho nitaenda mwenyewe Mongbwalu."

Koko akaweka sahani chini. "Utaenda kufanya nini?"

"Kuchimba. Balisema balichoka. Mi sijachoka."

"Na ile njia? Na batu ya bunduki mu ile njia?"

"Mama, niache."

"Na huyu mutoto?"

Mama hakunitazama. "Utabaki naye."

Sikula usiku ule. Nilijua tu, kwa uhakika wa mtoto, kwamba akipanda pikipiki ile hatarudi. Alikuwa na macho ya mtu ambaye amekwisha kufika huko anakokwenda.

Asubuhi dereva alifika mapema, injini ikinguruma langoni. Mama alikuwa amefunga mzigo wake, na ndani ya mzigo mpini wa jembe ulikuwa umetokeza. Koko alikuwa amekaa chini katikati ya lango, miguu ameinyoosha, amelifunga lango kwa mwili wake mdogo. "Utanikanyaga," alikuwa anasema, "nikanyage basi, mi niko muzee, nikanyage upite." Mama alikuwa amesimama juu yake, mzigo mgongoni. Mimi nilikimbia kumwagilia. Ndilo jambo pekee nililoweza kufanya. Nilitaka kumwambia Baba aharakishe.

Na pale kwenye udongo, karibu na lile bonge lilipokuwa, palikuwa na pembe ya kijani, imejikunja, si kubwa kuliko kidole changu.

Nilipiga kelele mpaka kuku wakatawanyika. "Mama, usiende! Baba anatoka! Iko huku, anatoka!"

Sijui alisikia nini ndani ya maneno yale. Alikuja mbio, mzigo bado mgongoni. Alisimama akaitazama ile pembe ya kijani. Koko alifika nyuma yake akichechemea, akashika mdomo. "Ni ile bonge," akanong'ona. "Mi njo nilisema baache bonge. Mama Neema, ni bonge tu."

Mama alichomoa jembe. Alipiga mara moja, udongo ukafunguka kwa urahisi, ulikuwa umelowa mvua na maji yangu ya vyombo. Alinyanyua jembe apige tena, kisha akalitupa mbali, kama mtu aliyeogopa kumkata aliye chini. Akapiga magoti akaanza kuchimba kwa mikono. Baba Mdogo hakuwepo, dereva alikuwa amezima injini na kusimama langoni, na hakuna mtu aliyemzuia. Alichimba huku anahema. Udongo ulimrukia usoni na kifuani. Alichimba kama alivyotaka kuchimba Mongbwalu tangu siku ya kwanza, tangu wanaume wale wawili walipoiacha chai yao, na mimi nilisimama pembeni na kopo langu nikingoja Baba atoke.

Alifika kwenye shuka, nalo likachanika mikononi mwake. Chini yake lilikuwa shati. Utomvu ulikuwa umeligeuza karibu jeusi, na ndani yake mgomba ulikuwa umelainika, umekuwa matope yenye harufu. Mama alilishika begani. Akapapasa mkono mmoja wa shati mpaka mwisho, akapapasa wa pili, akaja kifuani, akakaza vidole pale palipokosa kifungo. Akatulia. Kisha akataja jina la Baba, lile la nyumbani, ambalo hakuna aliyelitaja kwetu tangu mvua zianze.

"Mama," akamwambia Koko bila kugeuka, "mutoto yako alikufa."

"Ndiyo, mutoto yangu," Koko akasema. "Alikufa."

Kilio alichokitoa Mama kiliwaleta watu wa mtaa mzima. Mama Rozi alikuja na kiatu kimoja. Wanawake walimzunguka, mmoja akamfungua mzigo mgongoni, mwingine akaenda kuwasha moto uani bila kuuliza, na kabla ya jua kupanda sufuria kubwa zilikuwa zimeletwa. Koko aliinama akalikata lile chipukizi, akaondoka nalo nyuma ya jiko. Halafu Mama mwenyewe, kwa mikono yake, akarudisha udongo, na yule dereva akavua koti lake akamsaidia kufukia, akakanyaga.

Nilikuwa bado nimesimama na kopo. Nikamkaribia, nikamuuliza kwa sauti ndogo, maana nilikuwa nimeanza kuelewa na sikutaka kuelewa.

"Mama, hatatoka?"

Aliniangalia. Aliniangalia mimi, si lango, si kitu kilichokuwa nyuma yangu.

"Hatatoka," akasema.

Macho yake yakapanda juu ya uso wangu yakasimama kwenye nywele. Zilikuwa zimefumuka, zimejaa majani na pamba za godoro. Hakuna mkono uliozigusa muda mrefu. "Kichwa yako iko namna gani hii?" akasema, kwa mshangao, kama mtu aliyerudi kutoka safari na kukuta nyumba imeharibika. Akakaa pale pale juu ya udongo mpya, akanivuta katikati ya magoti yake, akaanza kuzigawanya nywele zangu kwa vidole vyenye matope. Alikuwa analia, na machozi yake yalinidondokea kichwani yakateremka shingoni. Alisuka kwa nguvu. Ilinichoma mpaka kwenye masikio, na nikaanza kulia, kwanza kidogo, kisha kwa sauti yote niliyokuwa nayo, kwa ajili ya Baba ambaye hatatoka.

Koko alirudi kutoka nyuma ya jiko akipangusa mikono, akasimama juu yetu. "Unamuvuta sana," akasema. "Mutoto analia."

"Muache alie," Mama akamjibu, akachukua fungu lingine la nywele.